Gorila Gani wa Tanganyika?

Mfyuu! Na nasonya tena, ili asiyesikia la kwanza asikie la pili. Kijana anasimamisha bodaboda pale magari ya Same yanapogeuzia, hajavua hata helmeti, anatutangazia kwamba picha tuliyoangalia jana usiku kwenye banda umiza ni picha la midoli, la kizamani, na mia tano yake imeliwa bure. Anayasema hayo mbele ya watu wazima ambao jana hiyohiyo aliwaona wamesimama juu ya mabenchi nyumba ya yatima ya kwenye picha hiyo ilipoanza kuungua. Na yeye mwenyewe alisimama. Nilimwona.

Sasa neno kama hilo haliwezi kupita hivihivi hapa Chome. Kwetu Upareni ukitoa neno barazani umefungua kesi, na kesi ikifunguliwa inasikilizwa mpaka mwisho, hata ukungu wa mlima Shengena ushuke mpaka barabarani. Mwalimu mstaafu akasogeza kigoda. Fundi seremala akaweka randa chini. Mama wa maandazi akapunguza moto, ishara kwamba naye anataka kusikia.

Kwa ambaye hakuwepo: jana hapakuwa na mechi, mwenye banda akachomeka flashi yake ya picha za zamani, ikatoka Mighty Joe Young, picha ya Marekani ya mwaka 1949. Hadithi inaanzia Tanganyika. Binti mdogo wa kizungu, Jill Young, anaishi shambani na baba yake. Wanapita wanaume wawili na kapu, ndani yake mna mtoto wa gorila. Binti anatoa vitu vyake vya kuchezea na vito vya nyumbani, wanabadilishana, anamlea yule mnyama na kumwita Joe. Miaka inakwenda. Anafika tajiri wa starehe kutoka Marekani, Max O'Hara, na wachunga ng'ombe wake wenye farasi na kamba, wanatafuta simba wa kupamba klabu ya usiku. Wanamkuta Joe ameshakuwa jitu. Binti anarubuniwa kwa maneno matamu, na Joe anapelekwa Hollywood.

Huko anafanywa mchezo. Anainua jukwaa zima juu ya kichwa, Jill akiwa juu yake anapiga piano. Anavutana kamba na wanaume wa miraba minne mpaka anawatosa majini. Kisha walevi wanapenya nyuma ya jukwaa, wanamnywesha chupa baada ya chupa, na mmoja anamchoma vidole kwa kiberiti cha gesi. Hapo Joe anaivunja klabu, simba wanatoka, watu wanakanyagana, na mahakama inaamuru apigwe risasi. Wenzake wanamtorosha kwa lori. Njiani wanaiona nyumba ya yatima inateketea, na huyu aliyehukumiwa kufa ndiye anayepanda mti kumtoa mtoto wa mwisho. Sehemu hiyo ya moto imetiwa rangi nyekundu, ndani ya picha isiyo na rangi nyingine yoyote. Ndipo watu wetu walipopanda mabenchi.

Wapo waigizaji wenye majina: Terry Moore ni Jill, Ben Johnson ni mchunga ng'ombe anayempenda Jill, Robert Armstrong ni O'Hara. Lakini steringi ni Joe, na Joe ni sanamu ya kusimamishwa juu ya meza.

Kijana wangu, njoo ukae hapa nikuulize. Joe alipokaa nyuma ya lori wanafukuzwa, akawageukia wanaomfukuza na kuwatemea mate, ulicheka au hukucheka? Ulicheka. Uliyemcheka hakuwa mtu aliyevaa ngozi. Ndani alikuwa na mifupa ya chuma yenye viungo vinavyozunguka, bega, kiwiko, mpaka kidole kwa kidole. Juu ya chuma hicho yakajengwa maungo ya pamba na mpira, na mmoja wa mafundi wa kazi hiyo alikuwa Marcel Delgado, mzaliwa wa Meksiko, yuleyule aliyemjenga King Kong wa mwaka 1933. Juu ya maungo yakaja manyoya ya ndama aliyekuwa bado hajazaliwa, kwa kuwa ni mafupi na yanalingana na mwili mdogo. Ukimtazama Kong wa 1933 kwa makini utaona manyoya yake yanatikisika hata pasipo upepo. Ni vidole vya fundi vilivyoyavuruga kila alipomshika. Kwa Joe wakamtumia fundi wa ngozi, George Lofgren, aliyejua kuyashikiza manyoya kwenye mpira badala ya ngozi yenyewe ili yatulie. Hebu fikiri miaka 16 imepita kati ya picha mbili, na bado watu walikuwa wanasumbuliwa akilini na manyoya tu.

Halafu ndiyo ije kazi yenyewe. Sanamu inasimamishwa mbele ya kamera, inapigwa picha moja. Fundi anasogeza mkono kidogo sana, bega kidogo, kope kidogo, anajiondoa, inapigwa nyingine. Sinema hula picha 24 kwa sekunde moja, kwa hiyo dakika moja ya Joe ni picha 1,440. Na kila mara lazima ukumbuke mkono ulikuwa unatoka wapi, unakwenda wapi, kwa kasi gani, na mguu wa nyuma nao, na kichwa. Ukisahau au taa ikiungua katikati, kazi ya siku nzima imeharibika. Wewe pale kijiweni huwezi kukaa dakika tano bila kuchungulia simu.

Mkubwa wa kazi alikuwa Willis O'Brien, mzee wa King Kong. Lakini aliyesogeza sehemu kubwa ya Joe kwa mikono yake ni kijana wake, Ray Harryhausen, aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1920. Huyu alimwona Kong akiwa bado kijana mdogo akatoka ukumbini hajiwezi, anataka kujua lile jitu limetembeaje. Akaanza nyumbani kwao, kwenye banda la gari. Dubu wake wa kwanza alivikwa manyoya ya koti la mama yake. Baba yake alikuwa fundi wa mashine, ndiye aliyemchongea viungo vya chuma, na akaendelea kumchongea hata mwana alipokuwa na jina. Mama alishona nguo za sanamu. Mama wa maandazi aliposikia habari ya koti aliguna akasema, "Koti la mama mtu! Na mama akanyamaza?" Hakunyamaza tu, mama yangu, alichukua sindano.

Wakati wa kumsogeza Joe, Harryhausen alikuwa akila karoti na selari wakati wa mapumziko ili ajisikie gorila. Alilisimulia jambo hilo mwenyewe. Nami nalichukua kama habari ya kazi. Mtu anayetaka sanamu iwaze lazima yeye awaze kwanza namna hiyo. Ndiyo maana Joe anapopiga sakafu kwa ngumi halafu anatulia ghafla, anaangalia pembeni, wewe unajua ameudhika na unajua anaona aibu. Hakuna maneno pale ya kukuelekeza. Ni mtu aliyesimama peke yake kwenye giza, aliyeamua kwamba baada ya ngumi zile huyu mnyama angesita.

Kijana akasema, "Sawa mzee, lakini siku hizi kompyuta inafanya hayo yote na manyoya yanapepea." Ni kweli, na wanaokaa kwenye kompyuta nao wanatoka jasho, sitawavunjia heshima. Joe mwenyewe alirudiwa mwaka 1998, wakamtengeneza kwa mtu ndani ya vazi, kwa mitambo na kwa kompyuta, na kwa heshima wakawaalika Harryhausen na Terry Moore wapite kidogo kwenye sherehe moja ndani ya picha. Manyoya yanapepea. Ila nimeiona mara mbili na sikumbuki sura ya Joe yule. Wa 1949 nikifumba macho namwona.

Hapo nilidhani kesi imekwisha. Mwalimu mstaafu akakohoa.

Akasema yeye hana ugomvi na sanamu. Sanamu ni kazi ya mikono, na mikono anaiheshimu. Ugomvi wake ni neno moja la mwanzo wa hadithi: Tanganyika. "Gorila gani wa Tanganyika?" akauliza, na kidole kikaelekea mlimani. Gorila wapo Uganda, Bwindi na Mgahinga. Wapo Rwanda. Wapo Kongo, Virunga na Kahuzi-Biega, na huko magharibi zaidi. Kwetu tuna sokwe wa Gombe na Mahale, huko Kigoma, na gorila wa porini hatuna. Hapa Shengena, kwenye msitu wetu wa zaidi ya hekta 14,000, tuna mbega mwenye mabega meupe anayeruka toka mti hadi mti, tuna kinyonga, tuna ndege mdogo mwenye duara jeupe jichoni ambaye makazi yake ni milima hii ya Upare Kusini. Kama walitaka mnyama wa Tanganyika, orodha ni ndefu. Hawakuuliza mtu.

Na ile ya 1998, akaendelea, ndiyo imezidi. Wamesema Joe anatoka Milima ya Pangani, Afrika ya Kati! Hapo baraza zima lilisonya kwa pamoja. Pangani ni mto. Unapita huko chini, magharibi ya milima yetu hii, unatoka upande wa Kilimanjaro na Meru, unaingia Nyumba ya Mungu, unakwenda kumwaga baharini kwenye mji wenye jina lake, mkoa wa Tanga. Milima inayousindikiza ni hii tunayokalia, na hatujawahi kuiita ya Pangani. Na sehemu za Afrika za picha hiyo ya pili zilipigwa Hawaii. Mtu amechukua jina la mto wetu, akalipandisha mlimani, akalihamishia Afrika ya Kati, kisha akaenda kulipiga picha katikati ya bahari ya Pasifiki.

Mimi nikataka kuwatetea. Nikasema hekaya ni hekaya, Sindibadi naye alisafiri visiwa visivyo kwenye ramani, na huyuhuyu Harryhausen mwaka 1958 alitutengenezea The 7th Voyage of Sinbad: jitu la jicho moja, ndege rukhi mwenye vichwa viwili, mifupa ya mtu inayopigana kwa upanga. Watu wa Pwani wamesimuliana Sindibadi na hakuna aliyelalamika kwamba kisiwa hakipo. Mwalimu akanijibu taratibu, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya. Akasema kisiwa kisichokuwepo hakimdhulumu mtu. Tanganyika ilikuwepo. Ilikuwa na watu, na miaka hiyo walikuwa na shughuli.

Akatukumbusha shughuli gani. Vita vya dunia havijaisha, serikali ya kikoloni na watemi wake wameleta kodi mpya huku Upare, kodi ya kumpima kila mtu mali yake, mbiru. Wapare wakaikataa. Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani, kwa miguu, mpaka Same, wakapiga kambi kwenye makao ya wilaya, wakasema hawaondoki mpaka wasikilizwe. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakasimama, wakamzonga mkuu wa wilaya mwenyewe. Mwaka 1947 kodi ile ilikuwa imekufa. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hii, aliiandika habari hiyo ikawa kijitabu, na alikwisha kuandika historia ya Wapare kwa kuwasikiliza wazee wenyewe.

Sasa weka miaka hiyo pamoja. Watu wa Same wako uwanjani wanadai haki yao bila bunduki. Miaka miwili baada ya ushindi wao picha inatoka Marekani, inasema huku ni Tanganyika, na watu wa Tanganyika unaowaona mwanzoni ni wanaume wawili wenye kapu wanaokubali kumtoa mtoto wa gorila kwa vitu vya kuchezea. Hatukusikia jina la hata mmoja wao. Mama wa maandazi akasema lile lililomkaa kooni tangu jana: "Mtu mzima anachukua mwanasesere, anamwacha kiumbe hai? Huyo ametoka kijiji gani? Soko letu angefukuzwa."

Hili ndilo linalonichoma, na nalisema kwa sababu naipenda ile picha. Mafundi wale walikaa miezi na sanamu mpaka wakaipa kope, aibu, hasira, na huruma ya kupanda mti unaoungua. Walijiuliza kila siku, Joe angefanya nini hapa? Angeguswa na nini? Swali hilohilo, kwa wale wanaume wawili wenye kapu, hakuna aliyejiuliza hata kwa dakika moja. Mnyama wa chuma na mpira alitendewa kama mtu. Watu wakatendewa kama njia ya kumfikisha mnyama kwa binti. Utamu wa kazi ya Harryhausen unazidisha kosa la hadithi, kwa sababu tumeshaona kwa macho yetu kwamba uwezo wa kumwangalia kiumbe kwa makini ulikuwepo ndani ya jengo walimofanyia kazi.

Fundi seremala, ambaye huwa hasemi, akauliza jambo moja: lakini si mwisho wamemrudisha? Kweli, wamemrudisha. Mwisho wa picha O'Hara anaonyeshwa filamu fupi iliyotumwa kutoka Afrika: Jill, mchunga ng'ombe wake na Joe, wapo shambani, wanapunga mkono. Kong wa 1933 aliuawa juu ya ghorofa New York. Watu walewale, Merian Cooper na Ernest Schoedsack, na Ruth Rose aliyeandika maneno, miaka 16 baadaye wakakataa kumuua mnyama wa pili. Walitaka arudi kwao. Hilo nawapa, na nawapa kwa mikono miwili. Picha ikashinda Oscar ya madoido maalumu, ingawa kwa pesa haikufanya vizuri hata wakaacha mpango wa kumkutanisha Joe na Tarzan.

"Basi," mwalimu akasema, "kama mnataka jitu la Tanganyika ambalo halijarudi, lipo." Na akatupeleka Lindi. Tendaguru, kati ya 1909 na 1913, wanasayansi wa Kijerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale. Waliochimba kwa jembe walikuwa watu wa kule, mamia kwa mamia, na waliobeba mizigo kwa vichwa na mabega mpaka bandari ya Lindi, siku kadhaa kwa miguu, walikuwa wao na wake zao. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, jina lake limo kwenye kumbukumbu za kazi ile. Mkubwa kuliko wote katika mijusi hiyo alisimamishwa Berlin mwaka 1937, kimo chake kinapita mita 13, na yupo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho, watoto wa Ujerumani wanamwangalia kwa kuinua shingo.

Kijana wa bodaboda aliuliza kama huyo ni wa kompyuta. Akaambiwa ni mfupa. Alikaa kimya muda, akauliza tena kama ni wa kwetu kweli. Kweli. Sasa huyo, kijana wangu, ndiye wa kusonyea, si Joe. Joe wa uongo amepewa tiketi ya kurudi Tanganyika isiyo ya gorila, na yule wa kweli, mwenyeji wa Lindi kabla hapajaitwa Lindi, amesimama ugenini. Nasema hivi bila chuki na makumbusho; mifupa imetunzwa, nakiri. Ila mtoto wa Chome akitaka kumwona mkubwa wa nchi yake anahitaji viza.

Kufikia hapo jua limeshaegemea upande wa Makanya, na mtu mwingine angefunga baraza. Mimi nikaendelea, maana kulaumu picha ya watu wa 1949 na kuishia hapo ni kazi nyepesi. Swali lililobaki mezani ni hili: majitu yetu yako wapi, na nani anayasogeza?

Tunaye nunda. Sijui mtoto gani wa leo anamjua. Askofu Edward Steere aliikusanya hadithi yake Unguja akaichapa mwaka 1870, pamoja na nyingine nyingi alizosimuliwa kwa Kiswahili. Sultani ana paka. Paka anakula kuku, watu wanashtaki, Sultani anasema paka ni wake na kuku ni wake. Paka anakula mbuzi, jibu ni hilohilo. Anakula ng'ombe, anakula watu, anakua, na kila siku jibu ni hilohilo, mpaka anapogusa watoto wa Sultani mwenyewe. Hapo ndipo anapoitwa kwa jina lake: nunda, mla watu. Mdogo wa watoto wa Sultani, asiyethaminiwa, anaingia porini kumtafuta. Hajui nunda anafananaje. Anaua mnyama, anamleta kwa mama yake, mama anasema siye. Anarudi porini, analeta mkubwa zaidi. Siye. Punda milia, twiga, faru, tembo, kila safari mama analia na kumsihi aache, na kila safari jibu ni siye, mpaka siku wanapopanda mlima mrefu.

Jamani, hiyo ni picha! Imeshakatwa tayari kwa ajili ya kamera. Viumbe wanakuja mmoja mmoja, kila mmoja mkubwa kuliko aliyetangulia, na mnyama wa mwisho hatumjui mpaka dakika za mwisho. Faru, twiga na tembo hatuhitaji kwenda kuwatafuta vitabuni, Mkomazi iko pale chini mashariki. Mlima tunao, Shengena unapita mita 2,400. Ukungu ambao Hollywood waliutengeneza kwa mashine sisi tunaufukuza jikoni kwa moto. Mapango ya Mghimbi kule Mbaga, walikojificha babu zetu wateka watumwa walipopita, yanatosha kumficha nunda na watoto wake. Na Wapare tangu zamani ni wahunzi. Ukoo wa Washana uliheshimika kwa chuma kabla ya wakoloni kufika. Nani atatuambia hatuwezi viungo vya chuma vya kuzunguka?

Wala si ndoto ya watu wa mbali. Jean-Michel Kibushi wa Kongo alianza kutengeneza picha za namna hii mwaka 1991, na ya kwanza aliichukua kwenye hadithi ya kwao ya chura aliyekwenda ukweni. Alitumia vitu alivyokuwa navyo na hadithi alizosimuliwa. Hapa kwetu kila mtoto wa kiume amewahi kukunja waya akatoa gari lenye usukani. Kinachohitajika zaidi ya hapo ni simu moja iliyofungwa isitikisike, taa isiyozimwa, na mtu mwenye subira ya kusogeza kidole kimoja mara 24 ili ipatikane sekunde moja. Hilo la subira ndilo gumu, sidanganyi. Umeme wetu nao una mambo yake.

Nimesema kijana alifungua kesi akidai mia tano yake. Hakuna aliyemrudishia. Alichofanya ni kumuuliza fundi seremala kama anaweza kumchongea fuvu la paka la mbao, lenye taya linalofunguka. Fundi akauliza paka wa ukubwa gani. Hapo ndipo ugomvi mpya ulipozuka, maana mwalimu anasema lazima wachongwe watano, kuanzia yule anayeiba kuku mpaka nunda kamili, na kijana anasema atengenezwe mmoja tu, kisha miti ndiyo iwe inapunguzwa urefu nyuma yake. Mama wa maandazi yuko upande wa mwalimu. Anasema mnyama aliyekuwa mdogo hana macho ya mnyama aliyekwisha kula watu, na fuvu moja haliwezi kuwa na macho ya aina mbili. Amejitolea ngozi ya mbuzi wa sikukuu, nyeusi, yenye manyoya mafupi. Tumeianika tangu asubuhi, lakini kwa ukungu huu haijakauka.